Kidonda Hufungaje? Somo kwa Wenye Punda, Farasi na Ng'ombe

Ndugu mkulima, bila shaka umewahi kuona jambo hili. Punda amechunwa begani na kamba ya mkokoteni, na kipande cha ngozi cha ukubwa wa kiganja kimetoka. Baada ya siku kadhaa nyama nyekundu yaonekana ndani ya jeraha. Baada ya majuma machache shimo limekuwa dogo kama sarafu. Mwisho hubaki kovu, na kovu hilo ni dogo sana kuliko jeraha lenyewe lilivyokuwa. Hakuna aliyeshona, wala hakuna aliyetia kiraka. Je, ile ngozi iliyofunika mahali pale imetoka wapi?

Wengi hujibu kwamba ngozi mpya imeota. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni hii: ngozi ya zamani iliyokuwa pembeni imevutwa mpaka kati. Ndani ya jeraha mna wafanyakazi wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hushikana na kuvuta, usiku na mchana, mpaka mlango umefungwa.

Kazi hiyo ya kushikana na kuvuta ndiyo somo letu la mwezi huu. Mfugaji asiyeijua huiharibu kwa mikono yake mwenyewe, ama kwa kutia dawa isiyofaa, ama kwa kumrudisha mnyama kazini kabla ya wakati. Hapa Nakuru, kuanzia mitaa ya mji kama Section 58 hadi mashamba ya Njoro na Bahati, punda anayevuta mkokoteni ndiye posho ya nyumba. Akikaa bure miezi miwili kwa kidonda ambacho kingefunga kwa mwezi mmoja, hasara ni ya watoto.

MAKUNDI YA WAFANYAKAZI

Mwili wa mnyama, kama wetu, umejengwa kwa chembe hai ziitwazo seli. Ni ndogo mno, hazionekani ila kwa hadubini. Zafanana na matofali ya nyumba, lakini matofali haya yana uhai: hula, huzaana, hutembea, na hupelekeana habari. Katika ngozi, seli zimezungukwa na nyuzi ngumu ziitwazo kolajeni. Nyuzi hizo ndizo zinazofanya ngozi ya ng'ombe ifae kutengeneza viatu.

Ngozi inapokatika, kazi hufanywa kwa zamu, kundi baada ya kundi.

Kundi la kwanza ni la kuziba. Katika dakika chache vipande vidogo vya damu viitwavyo chembe sahani hukusanyika penye mishipa iliyokatika, na damu huganda. Damu iliyoganda huwa na wavu wa nyuzi nyembamba, na wavu huo ndio njia ya kupitia makundi yatakayofuata.

Kundi la pili ni la kusafisha. Katika saa za kwanza chembe nyeupe za damu hufika kwa wingi. Huua vijidudu na kula seli zilizokufa. Ndiyo maana jeraha huwa na joto, huvimba na huuma. Uvimbe wa siku mbili tatu ni dalili ya kazi. Uvimbe unaozidi, wenye usaha na harufu mbaya, ni dalili kwamba kazi imewashinda.

Kundi la tatu ni la kujenga. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, seli ziitwazo faibroblasti huingia kutoka pembeni. Hizi ndizo mafundi wa kusuka kolajeni. Pamoja nazo huota mishipa midogo mipya ya damu. Hapo utaona nyama nyekundu yenye chembechembe. Ukiigusa hutoa damu upesi, lakini mnyama hashtuki sana, kwa kuwa mishipa ya fahamu bado haijafika. Nyama hiyo ni njema, nayo hushindana vizuri na vijidudu. Usiikwangue.

Kundi la nne ni la kuvuta, na hapo ndipo penye ajabu.

WAVUTAJI NI MAFUNDI WALIOGEUKA

Mwaka 1971 wataalamu Giulio Gabbiani, Graeme Ryan na Guido Majno walieleza jambo waliloliona ndani ya nyama nyekundu ya majeraha. Faibroblasti, wale mafundi wa kusuka, walikuwa wamebadilika. Ndani yao mlikuwa na mafungu ya nyuzi kama zile zilizomo katika msuli. Seli hizo zikaitwa miofaibroblasti, maana yake mafundi wenye tabia ya msuli. Sisi tutaziita seli vutaji.

Nyuzi zilizo ndani ya seli vutaji hufanywa kwa aktini na miosini, ambavyo ndivyo vitu vinavyoufanya mguu wa ng'ombe ukunjike na moyo wake upige. Nyuzi za namna moja hutelezeshwa kando ya nyingine, na seli nzima hujikaza.

Lakini mtu akivuta kamba isiyofungwa popote ataanguka chali. Seli nayo ni vivyo hivyo. Ili mvuto wake ufae, hapana budi ishike mahali. Hushika kwa njia mbili.

Ya kwanza, hushika kolajeni. Kwenye ngozi yake ya nje seli ina vishikio vinavyopita kutoka ndani mpaka nje. Upande wa ndani vimefungwa kwenye nyuzi za kuvutia; upande wa nje vimeng'ang'ania nyuzi za kolajeni.

Ya pili, hushikana zenyewe kwa zenyewe. Penye kukutana seli mbili kuna vifungo vinavyounganisha nyuzi za hii na nyuzi za ile. Hivyo mvuto wa seli moja hufika kwa jirani, na wa jirani hufika mbele zaidi, hata ukingo wa jeraha husogea. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Seli moja haiwezi kusogeza ngozi ya punda, lakini seli nyingi sana zilizoshikana zaweza.

MFANO WA SENG'ENGE

Fikiri unavyokaza waya wa seng'enge. Huvuti mara moja tu na kumaliza. Huvuta kidogo, kisha hupigilia msumari kwenye mti ili waya usirudi, kisha huvuta tena. Ukivuta na kuachia bila msumari, waya hulegea, na jasho lako limepotea.

Seli vutaji hufanya hivyo hivyo. Hujikaza kidogo, kisha kolajeni mpya husukwa mahali palipopatikana, na huo ndio msumari. Halafu hujikaza tena. Kwa namna hii ukingo wa jeraha husogea kwa kawaida chini ya milimeta moja kwa siku. Ni mwendo mdogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Tena seli hizi hazigeuki kuwa vutaji pasipo sababu. Hungoja habari mbili: ujumbe unaotolewa na seli nyingine ndani ya jeraha, na ugumu wa nyuzi zilizozizunguka. Nyuzi zikiwa laini na legevu, seli hukaa kama mafundi wa kawaida. Nyuzi zikianza kukazika, seli hupata mahali pa kushika, hugeuka, na kuvuta kwa nguvu zaidi.

Sasa utaelewa kwa nini punda anayevuta mkokoteni na kidonda begani haponi. Kila hatua yake husugua na kutanua jeraha. Kazi ya usiku hung'olewa mchana. Ni kama mtu anayekuja nyuma yako akiing'oa misumari yote ya seng'enge.

WAFUNIKAJI

Pamoja na wavutaji wako wafunikaji. Hizi ni seli za tabaka la juu la ngozi. Kutoka ukingoni hutambaa juu ya nyama nyekundu zikiwa zimeshikana kama mkeka unaokunjuliwa, hata mikeka ya pande zote ikutane katikati. Utautambua mkeka huo kwa rangi yake: ni ukanda mwembamba ulioko ukingoni, wa rangi ya waridi, unaong'aa.

Wafunikaji hupenda unyevu. Mwaka 1962 George Winter, mtaalamu wa Uingereza, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya nguruwe wadogo. Majeraha mepesi aliyoyafunika yasikauke yalifunikwa na ngozi mpya kwa haraka ya karibu mara mbili kuliko yale yaliyoachwa kukauka na kufanya gaga. Sababu ni rahisi. Chini ya gaga kavu seli hulazimika kuchimba njia mpaka zipate unyevu. Penye unyevu hupita juu bila taabu. Mkulima anayejua kitalu cha miche hatashangaa.

MAHALI NA MNYAMA

Ngozi ya shingo, ubavu na kifua imelegea. Ikivutwa huja. Kwa hiyo jeraha kubwa la ubavuni laweza kufunga kwa kuvutwa zaidi kuliko kwa kuota ngozi mpya, na kovu huwa dogo. Ngozi ya mguu chini ya goti imekazwa juu ya mfupa. Wavutaji huvuta, lakini ngozi ya kuja haipo. Hapo kazi kubwa huwaangukia wafunikaji, nao huenda polepole.

Farasi wana shida ya pekee miguuni. Nyama nyekundu huendelea kukua mpaka ikapita juu ya ngozi kama uyoga, na mkeka wa ngozi hushindwa kuupanda mlima huo. Punda nao huweza kupata nyama hiyo ya ziada. Huko Uholanzi, katika miaka ya 1990, Jacintha Wilmink na wenzake wa chuo kikuu cha Utrecht walilinganisha majeraha ya farasi wakubwa na ya farasi wadogo wa aina ya poni. Ya poni yalivutwa zaidi na kupona mapema. Walipotazama kwa hadubini, waliona kwamba katika poni seli vutaji zilijipanga upesi kwa utaratibu, zikielekea upande mmoja. Katika farasi wakubwa zilikawia kujipanga. Wavutaji wengi wasio na mpango ni kama watu wanaovuta lori lililokwama topeni, kila mmoja na kamba yake na upande wake.

Ukiona nyama ya ziada, usiichome kwa mrututu wala kwa chuma cha moto. Daktari wa mifugo huikata kwa kisu safi, tena bila maumivu makubwa, kwa sababu haina mishipa ya fahamu. Pia atatafuta chanzo, maana mara nyingi ndani mna kipande cha mti au cha mfupa uliokufa.

KUVUTA KUKIZIDI

Mlango ukishafungwa, seli vutaji hupaswa kufa na kuondoka. Kwa kawaida ndivyo iwavyo: hupokea amri, hufa kwa utulivu, na kovu hulainika kwa miezi. Zikikawia, kovu huwa nene na kuzidi kukaza.

Jambo hili ni la hatari kwa watoto wetu. Mtoto aliyeungua na uji au maji ya moto kwenye kiganja, kiwiko au shingo aweza kupona jeraha na bado akabaki kilema. Seli huendelea kuvuta, vidole hukunjika, na mkono haunyooki tena. Kwa hiyo mtoto akiungua, mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, jivu, wala mafuta. Mpeleke hospitali, hasa akiungua penye kiungo. Huko watamfunga kiungo kikiwa kimenyooka, na baadaye watakufundisha jinsi ya kukinyoosha kila siku. Usiache mazoezi hayo kwa sababu ngozi imefunga. Wakati huo ndipo wavutaji wangali kazini.

PANYA WA LAIKIPIA

Jirani zetu wa Laikipia wana kiumbe kilichowafanya wataalamu wa dunia waje Kenya. Ni panya wa miiba, akaaye kwenye majabali. Akikamatwa na adui huacha kipande cha ngozi yake na kukimbia, kama mjusi aachavyo mkia. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake, akiwamo Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliandika habari za panya hao waliowakamata Mpala. Ngozi yao ni dhaifu mara 20 kuliko ya panya wa nyumbani wa maabara, na waweza kupoteza hata asilimia 60 ya ngozi ya mgongo. Jeraha hufunga upesi, na manyoya huota tena mahali palipokuwa wazi. Tundu la milimeta 4 katika sikio huzibwa kwa ngozi, manyoya na hata gegedu mpya.

Sisi na punda wetu hatuna kipawa hicho. Mwili wetu hutanguliza kufunga mlango upesi, na malipo yake ni kovu. Wataalamu wangali wakichunguza jinsi seli za panya huyu zinavyojizuia zisigeuke kuwa wavutaji wa kuacha kovu. Siku moja huenda elimu hiyo ikawafaa walioungua.

KAZI YAKO MFUGAJI

Wewe huwezi kuvuta kidonda. Wawezacho mikono yako ni kuwawekea wafanyakazi mahali pazuri. Fanya haya:

1. Ondoa chanzo kwanza. Kama ni kamba nyembamba, tumia mkanda mpana wenye pamba au gunia laini. Kama ni msumari wa boma, ung'oe leo.

2. Jeraha kubwa la kukatwa, muite daktari wa mifugo upesi, ndani ya saa chache. Likiwa bichi na safi aweza kulishona. Likichelewa na kuchafuka, huenda akalazimika kuliacha wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Osha mikono yako, kisha osha jeraha kwa maji ya chumvi. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi kisichojaa mlima, ngoja yapoe. Mimina mengi kwa chupa safi yenye matundu kifunikoni.

4. Usitie mrututu, mafuta ya taa, oili chafu ya gari, jivu wala samadi. Hata ayodini kali isiyochanganywa na maji huchoma. Vitu vikali huua vijidudu, lakini huua na wajenzi pia. Usivunje nyumba kwa kumfukuza panya.

5. Funika panapofungika, kwa kitambaa safi kisichoshika jeraha, nawe ukibadilishe kabla hakijalowa usaha. Mahali pasipofungika, zuia nzi. Ukiona mabuu, muite daktari.

6. Kumbuka pepopunda. Jina lenyewe lamtaja punda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi, na hupenda majeraha membamba yanayoingia ndani, kama ya msumari. Chanjo ipo kwa punda na farasi, na kwa watu pia. Mwulize daktari.

7. Lisha vizuri. Kolajeni haisukwi kwa njaa. Mnyama mwenye kidonda ahitaji majani mabichi, chakula chenye protini, chumvi ya mifugo na maji ya kutosha.

8. Akipewa dawa ya kuua vijidudu, shika maagizo yote. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasiuzwe wala kunywewa mpaka siku alizotaja daktari zimepita.

9. Pima. Mara moja kwa juma, shika uzi safi juu ya jeraha bila kuligusa, funga fundo penye mwisho wa upana, kisha upime kwa rula na uandike katika daftari. Siku za kwanza jeraha laweza kupanuka kidogo, usiogope. Lakini likiwa juma la tatu na upana haujapungua, kuna kizuizi ndani. Muite daktari.

USIDANGANYWE NA KOVU JIPYA

Hili ndilo la mwisho, na ndilo linalowapoteza wengi. Kidonda kikishafunga, mwenye punda hufurahi na kumfunga mkokoteni kesho yake. Juma moja halijaisha, kidonda kimefunguka, tena kibaya kuliko mwanzo.

Sababu yake ni kwamba kufunga si kupona. Jeraha la juma moja lina nguvu kama asilimia 3 tu ya ngozi nzima. Likiwa na majuma matatu lina kama asilimia 20, yaani moja ya tano. Kwa miezi mitatu hufika kama asilimia 80, na hapo ndipo mwisho wake. Halirudii nguvu yote ya zamani. Kolajeni ya haraka hutolewa, na iliyo imara husukwa mahali pake, polepole.

Basi kidonda cha begani kikifunga, mpumzishe punda majuma mengine kadhaa. Kisha mwanzishe kwa mzigo mwepesi na safari fupi, mkanda laini ukiwa mbali na kovu, nawe tazama ngozi kila jioni. Ukiona wekundu au unyevu, simama.

JIPIME

1. Kwa nini kovu la ubavuni huwa dogo kuliko jeraha lilivyokuwa?
2. Seli vutaji hushika wapi ili mvuto wake ufae?
3. Kwa nini jeraha la mguuni hukawia kuliko la shingoni?
4. Kidonda cha majuma matatu kilichofunga kina nguvu kiasi gani?

Majibu yote yamo humu. Msomee jirani asiyejua kusoma, na yule kijana anayeendesha mkokoteni wako mwambie habari ya asilimia 20 kabla hajashika kamba.